Baiskeli Moja, Kazi Tatu

SOMO LA KUMI NA NNE

Katika vijiji vingi vya Shinyanga na Mwanza baiskeli si kitu cha anasa. Baiskeli hubeba maji. Hubeba mahindi kwenda mashineni. Hubeba mgonjwa kwenda zahanati. Siku za sikukuu, kama Nane Nane, baiskeli hiyo hiyo huondolewa keria na madigadi ikaingia mashindanoni.

Anayeshindana namna hiyo huitwa mchezaji wa ridhaa. Maana yake ni mtu anayecheza kwa kupenda, wala halipwi mshahara. Mwezi Septemba mwaka 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, nchini Rwanda. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kufanyika katika Afrika. Wanaume walikwenda kilometa 267.5. Mshindi, Tadej Pogačar wa nchi ya Slovenia, alitumia zaidi ya saa 6. Kazi ya watu kama hao ni baiskeli. Wana fundi wa kuitengeneza na mtu wa kuwakanda misuli. Wakishuka hupumzika. Sisi tukishuka tunashika jembe.

Somo hili linamhusu mtu wa ridhaa ambaye wakati huo huo anatengeneza nyumba yake. Nitaeleza yaliyonipata mimi mwenyewe. Nilikosea, na kosa langu linaweza kumfaa mwenzangu.

Nyumba isiyo na paa

Mwaka 2019 nyumba yetu ilikuwa ya matofali mabichi na paa la nyasi. Ilikuwa na vyumba viwili. Watoto wetu wanne, wa kike na wa kiume, walilala chumba kimoja, nao walikuwa wamekua. Mimi na mke wangu tuliamua kuongeza vyumba viwili, kuezeka mabati na kupiga sakafu ya saruji. Tuliuza pamba na mbuzi wanne. Fedha zilitosha mbao, mabati na saruji kidogo.

Mwaka huo huo nilijiandikisha katika mashindano ya tarafa. Yalikuwa ya kilometa 60, mwishoni mwa Oktoba.

Kiangazi ni wakati mzuri wa mashindano. Njia ni kavu na mavuno yako ndani. Lakini kiangazi ni wakati wa kujenga pia. Kazi zote mbili zinataka miezi ile ile, na miguu ile ile.

Mapema mwezi wa Oktoba tuliezua nyasi. Fundi alisema atamaliza kenchi na mabati kwa siku 6, kama nitamsaidia kubeba mbao na kumshikia. Nilimsaidia siku 2. Siku ya tatu nilimwambia nina mazoezi. Siku ya nne hivyo hivyo. Fundi naye hawezi kukaa bure, akaenda kwa mtu mwingine. Nyumba ikabaki boma. Baiskeli nilikuwa nimeitoa keria ili iwe nyepesi. Kwa hiyo mke wangu alichota maji kwa kichwa, ndoo moja moja, na kisima kiko mwendo wa nusu saa. Hakusema neno. Mimi nilidhani amekubali.

Mwaka ule mvua za mwisho wa mwaka zilizidi kiasi katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Kwetu ilianza usiku. Ndani tulikuwa na magunia 5 ya mahindi, mifuko 3 ya saruji, na watoto. Tuliwatoa watoto kwanza, tukawapeleka kwa jirani. Tuliporudi, magunia 2 yalikuwa yamelowa, na baadaye mahindi yake yaliota. Saruji iliganda ikawa mawe. Ukuta wa matofali mabichi usio na paa huyeyuka kama sukari. Wetu wa upande wa mashariki ulianguka kabla ya alfajiri. Ndio ukuta waliokuwa wakilala karibu nao watoto.

Asubuhi mke wangu aliniambia, “Baba watoto, sikukatazi baiskeli. Uliponichumbia ulikuja nayo, na mimi niliipenda. Lakini niambie siku za baiskeli ni zipi na siku za nyumba ni zipi. Hapo nami nitajua siku zangu ni zipi.”

Sikwenda mashindanoni mwaka ule.

Hesabu ya saa

Tulikaa na daftari la kisomo tukapiga hesabu. Nawe chukua daftari, ufanye yako.

Juma lina siku 7, na kila siku ina saa 24. Kwa hiyo 7 x 24 = 168. Hizo ndizo saa zote za juma. Tajiri hana zaidi.

Kulala saa 8 kila siku: 8 x 7 = 56. Zikabaki 112.
Shamba na mifugo saa 6, siku 6: 6 x 6 = 36. Zikabaki 76.
Kula, kuoga, na kazi ndogo za nyumbani saa 4 kila siku: 4 x 7 = 28. Zikabaki 48.
Ibada, misiba, mikutano na kisomo: 14. Zikabaki 34.

Basi kwangu nyumba na baiskeli zilikuwa zigawane saa 34. Nilifurahi, nikaona ni nyingi. Mke wangu akasema, “Sasa tufanye yangu.” Tuliandika shamba, maji, kuni, kupika, kufua na kuwaangalia watoto. Kwake zilibaki saa 9 tu. Nilinyamaza. Katika hesabu yangu maji na kuni havikuwamo kabisa.

Tangu siku hiyo maji yakawa kazi ya baiskeli, na baiskeli ni mimi. Madumu mawili ya lita 20 ni lita 40, yaani kilo 40 juu ya keria. Kupanda mlima na mzigo huo, polepole, ni mazoezi mazuri ya miguu. Waendao kasi hupenda kulidharau jambo hili. Mimi silidharau tena.

Tulikubaliana pia kwamba keria itatolewa Jumamosi tu, baada ya kujaza madumu yote Ijumaa jioni. Kuifungua na kuifunga ni robo saa kwa spana moja.

Siku za kungoja

Jambo kubwa tulilojifunza ni hili. Nyumba haikuhitaji kila siku kwa nguvu moja. Zipo siku inapokuita kutwa nzima, na zipo siku inapotaka uiache.

Ukishafyatua matofali, lazima yakauke kivulini au chini ya nyasi. Kwetu tuliyapa majuma mawili. Kazi yako hapo ni kuyageuza na kuyafunika. Ukishayachoma, tanuri lazima lipoe kwa siku kadhaa kabla ya kulifungua. Ukilifungua likiwa moto, matofali hupasuka. Sakafu ya saruji ikishapigwa, imwagilie maji kwa siku 7. Kumwagilia ni kazi ya dakika chache, asubuhi na jioni, hata mtoto aweza. Hizo zote ni siku za kungoja. Tukaziandika katika daftari kuwa siku za baiskeli.

Siku za zege ni kinyume chake. Saruji ikikutana na maji huanza kushika, wala haikungoji urudi kutoka mazoezini. Itumie yote kabla saa moja haijapita. Siku ya zege, siku ya kuchimba msingi na siku ya kupandisha kenchi sikugusa baiskeli ila kwa maji.

Tena usijidanganye kwamba utachimba udongo mchana kisha ukimbize baiskeli jioni. Nilijaribu. Siku ya pili magoti yaliuma, na mwiko ulinitoka mkononi. Misuli hupata nguvu inapopumzika baada ya kazi. Asiyepumzika hachoki tu, bali hurudi nyuma.

Katika siku za kungoja nilifanya mazoezi Jumanne na Alhamisi, tangu saa 11 alfajiri hadi saa 1 asubuhi. Jumamosi nilikwenda saa 3. Jumla ni saa 7. Siku moja katika hizo nilikwenda kwa kasi, nyingine kwa mwendo wa kawaida. Juma la mwisho kabla ya mashindano nilipunguza nusu.

Kwa upande wa fedha tulikuwa na ukurasa mmoja. Misumari, mbao na mabati viliandikwa juu. Tairi jipya liliandikwa chini kabisa, na lilikaa huko miezi 9.

Paa la pili

Mwaka 2020 hatukuezua kitu. Tulijenga vyumba viwili vipya pembeni, kwa matofali ya kuchoma. Tuliviezeka, tukahamia. Mwaka 2021 ndipo tulipoigusa nyumba ya zamani. Safari hii mbao, mabati, misumari na kamba vilikuwa vyote uani kabla unyasi wa kwanza haujashuka. Fundi alikuwa ameahidi siku, na mimi nilikuwa nimeahidi mikono yangu. Shemeji yangu alikuja kusaidia, na mwanangu mkubwa alipitisha misumari. Siku ya tano tulilala chini ya bati. Mke wangu hakulala. Alisema anasikiliza kama mvua itakuja, apate kuisikia ikigonga juu. Haikuja, ilikuwa mwezi wa Julai.

Mashindano yalikuwa Agosti. Upepo ulikuwa mkali. Nilijificha nyuma ya wenzangu, kwa maana anayemfuata mwingine kwa karibu hutumia nguvu ndogo kuliko anayekata upepo mbele. Zilipobaki kilometa 10 vijana waliondoka, na mimi sikuweza kuwafuata. Nilikuwa wa 9 kati ya watu 31. Zawadi zilikuwa za watatu wa kwanza.

Mke wangu na watoto walikuwa wamesimama kwenye mbuyu karibu na mwisho, na chupa ya uji. Nilikunywa, nikapumzika kidogo, tukarudi pamoja kwa miguu huku nikisukuma baiskeli. Nyumbani nilichukua spana nikafunga keria. Madumu mawili yalikuwa matupu.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini fundi aliondoka? Je, alikuwa na haki?
2. Piga hesabu ya saa zako za juma. Kisha mwombe mwenzako wa nyumbani apige yake. Zimebaki ngapi kwa kila mmoja?
3. Tia kazi hizi katika mafungu mawili, siku za kazi na siku za kungoja: kuchimba msingi, kukausha matofali, kupiga zege, kupoza tanuri, kupandisha kenchi.
4. Madumu 2 ya lita 20 yakichotwa mara 3 kwa siku, ni lita ngapi kwa juma?
5. Mke wa mwandishi alinyamaza kwa siku nyingi kabla ya kusema. Angesema mapema, unadhani angesikilizwa?