RIWAYA NA KALAMU ZA RANGI KATIKA WAKATI WA FARAGHA

 

Ndugu wanafunzi, na wazazi watukufu mnaosoma jarida hili pamoja na watoto wenu, kila mwaka likizo inapokaribia huulizwa swali lile lile: je, inafaa mwanafunzi wa madrasa asome riwaya? Na wadogo zetu wa darasa la Juzuu Amma huuliza lao: je, kitabu cha kupaka rangi ni mchezo wa haramu? Wapo wazazi wanaokichana kitabu cha hadithi bila kukifungua, na wapo wanaonunua chochote kilichopambwa jalada. Makundi yote mawili yanahitaji somo hili.

Tuanze na kupumzika kwenyewe. Imepokewa na Imam Muslim kwamba Sahaba Handhala (R.A.) alijiogopea unafiki. Alipokuwa mbele ya Mtume (S.A.W.) akikumbushwa Pepo na Moto, moyo wake ulilainika, akirudi kwa mkewe, watoto wake na shughuli zake, hali ile huondoka. Alipomweleza Mtume (S.A.W.), alifahamishwa kwamba moyo una saa yake na saa yake. Kwa hiyo kustarehe baada ya kazi si upungufu wa dini. Lakini ipo hadithi nyingine katika Bukhari, isemayo kwa maana kwamba afya na faragha ni neema mbili ambazo watu wengi hupata hasara kwazo. Hadithi hizi mbili zisomwe pamoja. Mwenye kuishika ya kwanza peke yake hulala hadi adhuhuri, na mwenye kuishika ya pili peke yake huwachosha watoto mpaka wakaichukia chuo.

Sasa riwaya. Hoja ya wanaoikataa ni kwamba riwaya ni uwongo, kwani watu wake hawakuwepo na mambo yake hayakutokea. Jibu ni kwamba uwongo ni kumfanya msikilizaji aamini lisilokuwepo. Mwandishi wa riwaya hamdanganyi mtu; msomaji anajua tangu ukurasa wa kwanza kwamba anasimuliwa mfano. Waislamu waliotutangulia walilifahamu jambo hili. Kitabu cha Kalila na Dimna, ambacho Ibn al-Muqaffa alikiweka katika Kiarabu katika karne ya 8, kimejaa wanyama wanaosema, na hakuna aliyedhani kwamba simba alisema kweli. Al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122, alitunga Maqamat zake juu ya mtu wa kubuni, na wanavyuoni wakazisomesha kwa ajili ya lugha yake.

Wengine huleta aya ya 6 ya Surat Luqman, juu ya wanaonunua maneno ya upuuzi. Wafasiri wengi wanaitaja habari ya Nadhr bin al-Harith, aliyeleta visa vya wafalme wa Kiajemi na kuwasimulia Makuraishi ili wasiisikilize Qur-ani. Angalia vizuri kosa lake. Visa alivitumia viwe pazia mbele ya haki, na aya yenyewe imetaja lengo hilo la kupoteza watu. Basi riwaya inayokupitishia Magharibi ukiwa kitandani imefanya kazi ya Nadhr hata kama maneno yake ni mazuri. Na inayosomwa baada ya swala na baada ya kudurusu, yenye maneno ya heshima, hukumu yake ni nyingine.

Sisi watu wa Tanga tuna ushahidi wa karibu. Sheikh Shaaban bin Robert alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na mji wetu, akafariki mwaka 1962 na kuzikwa huko huko. (Jina la Robert lisikubabaishe, alikuwa Mwislamu, na baba yake ni Selemani.) Maisha yake mengi alikuwa karani wa serikali: forodhani tangu mwaka 1926, zikiwemo siku zake za Pangani, kisha idara ya wanyama, kisha ofisi ya wilaya hapa Tanga, na mwisho idara ya upimaji. Hakuajiriwa kutunga. Vitabu vyake ni matunda ya saa za faragha za mtu aliyeshinda mezani akiandika hesabu za watu wengine.

Chukua Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951. Karama anashitakiwa na waziri Majivuno kwa sababu ya kufundisha sheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, wakarudi na mambo ya manufaa, wakatupwa gerezani. Mtoto wa miaka kumi na mbili atakisoma kwa hamu ya kujua kama Karama atapona. Baba yake akikisoma ataona utawala wa kikoloni uliomzunguka mwandishi. Au Adili na Nduguze cha mwaka 1952: liwali Adili ana nyani wawili ambao hulazimika kuwapiga kila usiku, na nyani hao ni ndugu zake wa damu waliomhusudu. Aliyesoma kisa cha Nabii Yusuf (A.S.) na ndugu zake ataielewa hasadi hiyo mara moja. Utubora Mkulima, kilichochapwa mwaka 1968 baada ya kufa kwake, kinamweleza mtu anayeacha kazi nzuri ya mjini akashike jembe. Hiki mimi ningewapa hasa vijana wa kidato cha nne, wanaodhani shamba ni adhabu.

Hatusemi kila riwaya ni kama hizo. Zipo zilizojaa uchafu, na siku hizi nyingi humfikia mtoto kwa simu, kipande kipande, na kila kipande hukatwa pale pale panapoamsha matamanio. Hizo tuziache. Mzazi asiyejua kilichomo, asome kurasa ishirini kwanza. Ni kazi ya nusu saa. Maktaba ya Mkoa ipo mjini kwetu, na kumpeleka mtoto huko Jumamosi ni bora kuliko kumwachia simu.

Ama vitabu vya kupaka rangi, suala lake ni picha. Katika Bukhari, mtu mmoja alimwendea Ibn Abbas (R.A.) akasema kwamba anaishi kwa kutengeneza picha kwa mkono wake. Ibn Abbas akamsikilizisha onyo la Mtume (S.A.W.) juu ya wachora picha, mpaka mtu yule akageuka rangi kwa hofu. Kisha akamfungulia mlango: kama hana budi, achore miti na kila kisicho na roho. Tazama fiqhi ya Sahaba huyu! Hakumwacha mtu na mkono mtupu. Kwa watoto wadogo wanavyuoni wamelegeza zaidi, kwa dalili ya Bibi Aisha (R.A.), aliyekuwa na vinyago vya kuchezea, akiwemo farasi mwenye mbawa. Mtume (S.A.W.) alipomuuliza juu ya mbawa hizo, alijibu kwa kutaja farasi wa Nabii Sulaiman (A.S.), naye Mtume akacheka. Kwa wakubwa, njia ya usalama ni maua, majani na nakshi.

Na nakshi ni urithi wetu. Katika mji wa Siyu, kisiwani Pate, waandishi wa karne ya 18 na 19 walinakili misahafu kwa mkono na kuipamba kwa wino mwekundu, mweusi na wa manjano. Pambo la pembeni lilimwonyesha msomaji mgawanyo wa juzuu. Mmoja wa misahafu hiyo umehifadhiwa leo katika makumbusho ya Fowler, Los Angeles. Aliyepaka rangi ile hakuweza kuharakisha, kwani tone moja likianguka huharibu ukurasa. Utulivu huo huupata pia mtoto anayejaza ua kwa kalamu ya rangi bila kuvuka mstari, pumzi ikishuka polepole.

Kitabu cha kupaka rangi kisipopatikana, tengeneza mwenyewe:

Chukua bikari uchore duara. Usibadilishe upana wa bikari. Weka ncha popote juu ya mstari wa duara, uchore upinde utakaolikata duara pande mbili. Hamishia ncha pale upinde ulipokata, uchore tena. Endelea hivyo mpaka upate pinde sita, na ndani litatokea ua la majani sita. Zungushia maua mengine kwa njia hiyo hiyo, karatasi ijae.

MASWALI

1. Kosa la Nadhr bin al-Harith lilikuwa nini hasa?
2. Taja tofauti kati ya uwongo na hadithi ya kubuni.
3. Ibn Abbas (R.A.) alimruhusu mchoraji kuchora nini?
4. Soma Kusadikika katika likizo hii. Taja mjumbe mmoja kati ya wale sita, alikokwenda na alicholeta.
5. Paka rangi ua lako kwa rangi tatu tu, kama misahafu ya Siyu, ulilete siku ya kwanza ya kufungua chuo.