Maji Yamepinda, Hewa ya Ukaa Imenyooka

Fomula ya maji ni H₂O na ya hewa ya ukaa ni CO₂. Kila molekuli ina atomi tatu, mbili za aina moja na moja ya aina nyingine. Uzito wa molekuli ya maji ni 18 na wa hewa ya ukaa ni 44, kwa hiyo mtu angetarajia ile nzito ndiyo itulie kwenye glasi na nyepesi ipeperuke. Mambo ni kinyume. Kuhesabu atomi hakutoshi kueleza kwa nini. Inabidi kuuliza zimeshikana vipi, na zikishikana zinapata umbo gani. Haya ni baadhi ya maswali ambayo wanafunzi, wazazi wao na wapishi wa nyumbani huuliza kuhusu jambo hilo.

Kwa nini atomi zinashikana?

Jibu linalosikika sana darasani ni kwamba kila atomi “inataka” elektroni nane kwenye ganda lake la nje. Atomi haitaki kitu. Kanuni ya nane ni msaada mzuri wa kukumbuka, hasa kwa kaboni, nitrojeni, oksijeni na florini, lakini haielezi sababu. Sababu ni umeme. Kiini cha atomi kina chaji chanya, elektroni zina chaji hasi, na chanya na hasi huvutana. Atomi mbili zikikaribiana, elektroni zilizo katikati huvutwa na viini viwili badala ya kimoja, na nishati ya atomi hizo mbili kwa pamoja hushuka. Zikikaribiana kupita kiasi, viini vyenyewe husukumana. Pale mvuto na msukumo vinapolingana ndipo atomi hutulia, na umbali huo ndio urefu wa bondi. Kwa molekuli ya haidrojeni ni nanomita 0.074.

Mwaka 1916 Mmarekani Gilbert Lewis alipendekeza kwamba bondi ni jozi ya elektroni ambayo atomi mbili zinaimiliki kwa pamoja. Kile kistari kinachochorwa vitabuni kati ya H na O kinawakilisha jozi hiyo. Si kijiti, na hata ukipata darubini kali kuliko zote hutakiona.

Molekuli ya chumvi ikoje?

Haipo. Katika chumvi ya mezani atomi ya sodiamu imepoteza elektroni moja, ya klorini imeipokea, na zote mbili zimegeuka kuwa ayoni zenye chaji zinazopingana. Ayoni hizo hazishikani mbili mbili. Kila sodiamu imezungukwa na klorini sita, kila klorini na sodiamu sita, hivyo hivyo hadi ukingo wa punje. NaCl inakupa uwiano tu, moja kwa moja. Mpangilio huu ulionekana mwaka 1913, William Bragg na mwanawe Lawrence walipopitisha eksirei kwenye fuwele. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1915, mwana akiwa na umri wa miaka 25. Wazee wa fani hawakufurahi wote: mwaka 1927 Henry Armstrong, mkemia mkongwe wa Uingereza, bado alikuwa akilalamika katika jarida la Nature kwamba chumvi imefanywa ubao wa sataranji. Chumvi haikumsikiliza. Mvuto kutoka pande zote ndio unaoifanya isiyeyuke kwa moto mpaka ifike nyuzi joto 801 za Selsiasi.

Ni kweli kwamba almasi na penseli ni kitu kimoja?

Kwa upande wa atomi, ndiyo. Almasi ni kaboni, na kinywe kinachochanganywa na udongo kutengeneza moyo wa penseli ni kaboni pia. Tanzania inavyo vyote viwili: almasi ya Mwadui, Shinyanga, iliyogunduliwa mwaka 1940 na mwanajiolojia wa Kanada John Williamson, na kinywe cha Mahenge, wilayani Ulanga. Katika almasi kila atomi imeshikana na nne nyingine kuelekea pande nne za anga, kila bondi ikiwa na urefu wa nanomita 0.154. Haina matabaka ya kuchubua. Katika kinywe kila atomi imeshikana na tatu tu, zote zikiwa kwenye tabaka moja bapa. Bondi za ndani ya tabaka ni fupi kuliko za almasi, nanomita 0.142, na kwa kweli ni imara zaidi. Udhaifu uko kati ya tabaka na tabaka, ambako pengo ni nanomita 0.335 na kinachoyashikilia ni mvuto hafifu. Ukiandika, matabaka yanateleza na kubaki kwenye karatasi. Elektroni ya nne ya kila atomi, ambayo haikutumika kwenye bondi hizo tatu, huzunguka ndani ya tabaka zima, na ndiyo maana kinywe kinapitisha umeme ilhali almasi haipitishi.

Umbo la molekuli linatoka wapi?

Chukua maputo manne, yapulize yalingane, kisha yafunge pamoja kwenye shina. Hutahitaji kuyapanga; yatasukumana yenyewe hadi kila moja liwe mbali na mengine kadiri inavyowezekana. Hayatalala mezani kama msalaba. Yataelekea kwenye kona nne za piramidi yenye nyuso nne za pembetatu, na pembe kati ya puto na puto itakuwa karibu digrii 109.5. Jozi za elektroni zinazoizunguka atomi hufanya vivyo hivyo, kwa kuwa zote zina chaji hasi na zinakwepana. Ronald Gillespie na Ronald Nyholm waliliandika wazo hili kwa utaratibu mwaka 1957, na hadi leo ndilo linalofundishwa kwanza.

Piramidi yenyewe ni ya zamani zaidi. Mwaka 1874 kijana Mholanzi Jacobus van ’t Hoff, na bila kushauriana naye Mfaransa Joseph Le Bel, walidai kwamba bondi nne za kaboni zinaelekea kwenye kona za piramidi hiyo. Mkemia mashuhuri wa Ujerumani, Hermann Kolbe, alimkejeli van ’t Hoff hadharani kuwa ni mwalimu wa chuo cha mifugo aliyepanda farasi mwenye mabawa. Tuzo ya kwanza kabisa ya Nobel ya kemia, mwaka 1901, ilikwenda kwa huyo mwalimu wa chuo cha mifugo.

Sasa tazama molekuli tatu. Metani, CH₄, ina jozi nne za elektroni kuizunguka kaboni na zote ni bondi, kwa hiyo pembe ni 109.5 kamili. Amonia, NH₃, nayo ina jozi nne, lakini moja haikushirikishwa na atomi yoyote. Jozi ya namna hiyo hutanuka na kuzibana bondi, na pembe hupungua hadi karibu 107. Maji yana jozi mbili za namna hiyo kwenye oksijeni. Pembe yao ni 104.5, na molekuli imepinda.

Hewa ya ukaa ni habari nyingine. Kaboni yake imetumia elektroni zake zote nne za nje kwenye bondi maradufu mbili, moja kila upande. Haina jozi iliyobaki ya kusukuma chochote, na pande mbili zikikwepana huishia kwenye mstari ulionyooka, digrii 180.

Pembe hiyo inabadilisha nini?

Karibu kila kitu. Oksijeni huvuta elektroni kwa nguvu kuliko haidrojeni na kuliko kaboni, kwa hiyo bondi za maji na za hewa ya ukaa zote zina upande wenye uhasi kidogo. Katika hewa ya ukaa iliyonyooka, mvuto wa kushoto na wa kulia unafutana. Katika maji yaliyopinda haufutani: oksijeni inabaki na uhasi, haidrojeni zinabaki na uchanya, na molekuli moja huishika jirani yake kwa kile kinachoitwa bondi ya haidrojeni. Nguvu yake ni kama sehemu moja ya ishirini ya bondi iliyo ndani ya molekuli. Ni kidogo, lakini katika maji zipo kila upande, zikivunjika na kuundwa upya bila kukoma. Kuona uzito wake, linganisha na haidrojeni salfaidi, ile gesi ya mayai viza, ambayo ni nzito kuliko maji na imepinda pia ila haina bondi hizo za kutosha. Inachemka kwenye nyuzi joto 60 chini ya sifuri. Maji yanangoja hadi 100.

Ukisahau soda ya chupa ya kioo kwenye friza, chupa hupasuka kwa sababu hiyo hiyo. Maji yakiganda, kila molekuli hujipanga ishike jirani wanne kwa pembe inayofaa, na mpangilio huo unahitaji nafasi zaidi. Ujazo huongezeka kwa karibu asilimia 9, na barafu huelea.

Kuna watu wanaouliza pia inakuwaje hewa ya ukaa, isiyo na upande hasi wala chanya, inanasa joto la dunia wakati nitrojeni na oksijeni, ambazo ni karibu asilimia 99 ya hewa kavu, hazinasi. Molekuli haitulii. Hewa ya ukaa inatikisika na kupindapinda, na kila inapopinda chaji zake huhama, na hapo inaweza kupokea mionzi ya joto. Nitrojeni na oksijeni ni atomi mbili zinazofanana. Zivute uzibane utakavyo, chaji zinabaki pale pale.

Mafuta yanachukia maji?

Hapana. Molekuli za mafuta na za maji huvutana kidogo. Tatizo ni kwamba maji yanashikana yenyewe kwa nguvu zaidi, hivyo mafuta yanasukumwa pembeni. Sabuni husuluhisha kwa kuwa molekuli yake ina mkia mrefu wa kaboni na haidrojeni unaozama kwenye mafuta, na kichwa chenye chaji kinachoshikwa na maji.

Nishati imehifadhiwa ndani ya bondi na hutoka ikivunjika?

Kosa hili lina mizizi mirefu, na baadhi ya vitabu vya biolojia vinalimwagilia. Kuvunja bondi kunagharimu nishati, siku zote. Kinachotoa nishati ni kuundwa kwa bondi mpya zilizo imara zaidi. Tuchukue gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kufika Dar es Salaam mwaka 2004, ambayo karibu yote ni metani. (Gesi ya mtungi wa jikoni ni propani na butani, ila hesabu inakwenda hivyo hivyo.) Kuzivunja bondi zote katika gramu 16 za metani na za oksijeni inayotumika kuiunguza kunahitaji takriban kilojuli 2,650. Bondi za hewa ya ukaa na mvuke wa maji zikiundwa hutoa takriban kilojuli 3,450. Tofauti, kama kilojuli 800, ndiyo inayochemsha sufuria. Kiberiti kinalipa sehemu ya kwanza ya gharama ya kuvunja, kisha moto unajilipia.

Mkaa ukishawaka vizuri na moshi ukaisha, si salama kuuingiza chumbani?

Si salama, na hapa kemia ya bondi inaua watu. Mkaa usipopata oksijeni ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, CO: kaboni moja, oksijeni moja, na bondi ya mara tatu kati yake. Haina rangi, haina harufu, na huzalishwa hata pale jiko linapokuwa jekundu bila moshi. Kwenye damu, oksijeni husafirishwa ikiwa imeshikana na atomi ya chuma ndani ya hemoglobini. Bondi hiyo ni legelege, na ni lazima iwe hivyo ili oksijeni iachiliwe inapohitajika. Kaboni monoksaidi hukaa mahali pale pale na hemoglobini huishika kwa nguvu inayozidi mara 200, kwa hiyo kiasi kidogo tu hewani kinatosha kuziba nafasi nyingi.

Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, na ni rahisi kuzidhania malaria au njaa. Aliyelala hatazihisi. Jiko la mkaa lisilale chumbani, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, mtoe nje kwanza, kisha mpeleke hospitali hata akisema amepata nafuu. Akivuta hewa ya kawaida, nusu ya kaboni monoksaidi iliyo kwenye damu yake huchukua takriban saa tano kuondoka. Akivishwa barakoa ya oksijeni tupu, wingi wa oksijeni huisukuma ile gesi itoke kwenye chuma, na muda huo hupungua hadi kama saa moja na nusu.