Kabla Hujanunua Kontroli Boksi
Kijitabu cha elimu kwa wenye gari za familia, Unguja

Gari haiwaki. Imevutwa hadi gereji, na baada ya nusu saa fundi anainua kichwa na kusema: "Kontroli boksi limekufa." Anataja bei, anataja jamaa yake wa Dar es Salaam anayeweza kulituma kwa boti ya kesho, na anataka nusu ya fedha mkononi. Mwenye gari ana watoto wa kupeleka skuli na hana la kupinga, kwa kuwa kitu chenyewe hajawahi kukiona. Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya nusu saa hiyo.

Kontroli boksi ni kompyuta ya injini. Hupokea habari kutoka kwenye sensa: joto la maji, kiasi cha hewa kinachoingia, mzunguko wa kranki, oksijeni iliyobaki kwenye moshi. Kisha huamua noseli imwage petroli kwa muda gani na plagi ipige cheche saa ngapi. IST, Vitz, Spacio, RAV4, Noah, zote zinalo. Katika Toyota nyingi ndogo liko nyuma ya dashibodi upande wa abiria: kibati cha alumini chenye ukubwa wa msahafu wa mfukoni, kimefungwa kwa nati za namba 10, na soketi zenye pini nyembamba nyingi.

Huharibika, hilo halina ubishi. Lakini kwa maoni yetu hubadilishwa mara nyingi zaidi kuliko linavyoharibika.

Maji, chumvi na panya

Gari ya Mji Mkongwe hailali nyumbani. Vichochoro haviipitishi, kwa hiyo hulala nje: Malindi, Mkunazini, kando ya barabara ya Benjamin Mkapa, mara nyingi chini ya mti kwa sababu ya kivuli. Majani ya mkungu huanguka chini ya kioo cha mbele, yakaoza na kuziba matundu ya kutolea maji. Masika yakifika, maji hayana pa kwenda isipokuwa ndani. Mpira wa kutolea maji ya AC nao ukiziba, maji hudondokea miguuni mwa abiria. Ukiona zulia la upande wa abiria limeloa na hakuna aliyemwaga kitu, usisubiri likauke. Mwambie fundi afungue droo ya dashibodi siku hiyo hiyo, aangalie soketi za boksi.

Atakachokitafuta ni rangi ya kijani. Hewa yetu ina chumvi, na shaba ikikutana na maji na chumvi huota ukoga wa kijani kwenye pini. Pini moja ikishaliwa, injini hukohoa barabarani, hutulia, kisha huzima ukiwa katikati ya foleni ya Darajani. Hapo boksi lenyewe huenda ni zima kabisa. Soketi ikisafishwa kwa dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, ikakaushwa na pini ikarekebishwa, gari huondoka. Kuhusu panya wa mjini hatuna haja ya kueleza. Wanatafuna waya kama wanavyotafuna kila kitu.

Mengine tunajifanyia wenyewe. Kuosha injini kwa mashine ya presha. Kuchomelea bodi huku betri imeunganishwa. Kuazima umeme wa gari ya jirani na kugeuza waya, chanya kwa hasi. Hili la mwisho linaweza kuunguza boksi kwa sekunde moja, na wanaolifanya ni watu wenye nia njema kabisa.

Muulize fundi amepima nini

Si utovu wa adabu kumuuliza fundi ushahidi. Fundi mzuri hufurahi kuulizwa.

Anza na jambo unaloweza kuliona mwenyewe. Washa switchi bila kupiga stata. Taa ya cheki injini lazima iwake kwenye dashibodi. Isipowaka, huenda boksi limekufa, au umeme haulifikii, au balbu imeungua. Kati ya hayo, kukagua umeme ndiyo njia rahisi ya kuanzia: fyuzi ya EFI, relei yake, na waya wa arthi unaofungwa kwenye injini. Betri iliyopumzika inatakiwa isome kama volti 12.6, na injini ikiunguruma altaneta ilete baina ya 13.5 na 14.5. Betri dhaifu hulifanya boksi lifanye vituko ambavyo mtu angeapa ni ugonjwa wa kompyuta.

Kuna mtego mmoja ambao umeliza wengi. Boksi hugawa volti 5 kwa sensa kadhaa kupitia njia moja. Sensa moja ikipiga shoti ndani, volti hizo huanguka, sensa zote hunyamaza, na pengine hata mashine ya kupimia haisomi chochote. Kila kitu kinaonyesha boksi limekufa. Dawa yake ni subira: fundi anaweka multimita kwenye waya wa volti 5, kisha anachomoa soketi za sensa moja baada ya moja. Akichomoa ile mbovu, volti zinarudi. Sensa moja bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na boksi, na fundi aliyeruka hatua hii atakuuzia boksi, alifunge, halafu gari ikatae vilevile.

Mashine ya kupimia ikisoma, omba uandikiwe namba za hitilafu kama zilivyo. Namba kutoka P0601 hadi P0606 zinahusu boksi lenyewe: kumbukumbu yake, programu yake, ubongo wake. P0300 ni injini kukosa moto. P0171 ni petroli kuwa kidogo mno kwa hewa inayoingia. Hizo mbili hazitoshi kulihukumu boksi, hata mtu akizisoma kwa sauti kubwa. U0100 maana yake vifaa vingine vya gari haviisikii kompyuta ya injini, na sababu inaweza kuwa waya tu.

Tusiwaonee mafundi, maana kuna wakati wako sahihi kabisa na mwenye gari ndiye mbishi. Nchini Marekani, RAV4 za mwaka 2001 hadi 2003 zilisumbua kwa gia otomatiki kugonga zikibadilika. Mtu angedhani gia imekwisha, kumbe kontroli boksi ndilo lililokuwa likiiamuru vibaya. Toyota ikaongeza dhamana ya boksi hilo hadi miaka 10 au maili 150,000. Agosti 2010 kampuni hiyo ikaita tena gari zipatazo milioni 1.13 za Corolla na Matrix, za 2005 hadi 2008, huko Marekani na Kanada, kwa sababu lehemu ndani ya boksi ingeweza kupasuka na injini kuzima njiani. Ufa wa lehemu hauonekani kwa nje, na mara nyingi hujionyesha boksi likishapata joto.

Namba iliyobandikwa

Ikithibitika ni boksi, lifungue uone karatasi yake. Kompyuta nyingi za injini za Toyota huwa na namba inayoanza na 89661, kisha kistari na alama nyingine tano, tarakimu au herufi. Hizo tano za mwisho ndizo zenye maana. IST ya NCP60 ina injini ya 2NZ, lita 1.3; ya NCP61 ina 1NZ, lita 1.5. Kwa nje ni gari moja. Maboksi yake yanaweza kufanana kwa umbo, na soketi zikaingia bila kulazimishwa, lakini hesabu za petroli ndani si zile. Vivyo hivyo gia otomatiki na ya mkono, gari ya kuvuta tairi mbili na ya tairi nne. Muuza spea akikwambia "yote sawa tu", mshukuru na uende duka la pili.

Piga picha ya karatasi hiyo kwa simu na umpe muuzaji picha, usimpe jina la gari peke yake.

Kabla ya kununua, uliza pia kama boksi lako linatengenezeka. Kapasita iliyovuja au lehemu iliyopasuka ni kazi ya fundi wa elektroniki mwenye mkono mtulivu, na faida yake kubwa ni kwamba boksi linabaki kuwa la gari yako, na ufunguo wako unaendelea kulitambua. Maana hapa ndipo wengi wanapokwama. Gari yenye imobilaiza ina chipu ndani ya ufunguo, na injini haiwaki mpaka chipu hiyo itambulike. Boksi la mtumba limekuja na kumbukumbu ya ufunguo wa gari nyingine, huenda ya mtu wa Nagoya. Ukilifunga, stata inazunguka, injini inakataa. Ama ulinunue pamoja na ufunguo wake na sehemu za imobilaiza, ama apatikane fundi wa kulisajili upya. Kwenye baadhi ya Toyota usajili huo huchukua dakika 30 hivi. Kwenye nyingine lazima kumbukumbu ya boksi la zamani ihamishiwe kwenye jipya. Kwa hiyo usikubali boksi la zamani litupwe, wala libaki gereji.

Siku ya kufunga

Kilichounguza boksi la kwanza kitaunguza na la pili. Kama ni koili, noseli au waya uliopiga shoti, hicho kitengenezwe kwanza. Kisha waya wa hasi wa betri uondolewe na kusubiriwe angalau sekunde 90 kabla ya kugusa dashibodi, kwa usalama wa mifuko ya hewa. Injini ikiwaka, sailensa, yaani mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama, inaweza kupanda na kushuka kwa muda kabla ya kutulia. Hilo ni la kawaida.

Ukizunguka Michenzani mara moja na kulipa, hujajaribu gari. Nenda nayo shamba. Nungwi ni karibu kilomita 60, safari inayotosha kuipasha injini joto lake lote, AC ikiwa imewashwa. Ukirudi, omba ipimwe tena kwa mashine.

Malipo yaende na risiti inayotaja namba kamili ya boksi, kama ni jipya au la mtumba, na siku ngapi unaweza kulirudisha. Boksi lisilo na maelezo ya lilikotoka, bei yake ikiwa ndogo mno, liache. Huenda kuna mtu mahali fulani anasukuma gari yake. Muuzaji akikataa kutimiza alichoandika, malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar. Nenda na risiti, picha ya karatasi ya boksi, zile namba za hitilafu ulizoandikiwa, na boksi lenyewe.