Kuwasimulia Watoto Wadogo Habari za Mapenzi

Yampasa baba atakaye kuwafunza wanawe kupendana awawekee saa ya hadithi, baina ya Magharibi na Isha, kabla hawajalala. Na achague kisa kimoja kifupi, kama hiki walichokipokea Bukhari na Muslim: Mtume (S.A.W.) alimbusu mjukuuwe Hasan, Al-Aqra bin Habis akasema kuwa ana watoto 10, wala hajapata kumbusu hata mmoja. Mtume akamjibu kwamba asiyerehemu harehemiwi.

Akiisha kusimulia, awaulize: Ni nani aliyebusiwa? Na wale watoto 10 walitamani nini? Kisha awabusu wote, wa kiume na wa kike. Kwani mtoto asikiaye habari za rehema, asiione kwa babaye, hudhani dini ni maneno matupu.