Mgonjwa "Msumbufu" Ni Nani?



Somo hili latosha mkutano mmoja. Mwenyekiti aulize kwanza: ni nani hapa amewahi kuitwa msumbufu hospitalini? Mikono haitakosa.

Mwaka 2010, kule Kapsabet, wagonjwa wawili wa kifua kikuu walikamatwa kwa kuacha kumeza dawa. Mahakama ikaamuru wazuiliwe gerezani miezi minane, eti watibiwe humo. Gerezani, watu wamebanana, na ugonjwa wenyewe huenezwa kwa hewa! Waliachiliwa kabla ya muda huo kwisha, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ikasema kwamba kuwafunga hivyo kulikuwa kinyume cha Katiba. Mgonjwa aweza kutengwa ili asiambukize wengine, lakini jela si wadi.

Sisi hatufungi watu. Hata hivyo tunawapa majina: "mtoro wa dawa", "mkaidi", "yule mama wa kelele". Mhudumu akishashika jina hilo, haulizi tena sababu. Na sababu zipo. Dawa za kifua kikuu kwa kawaida humezwa miezi sita. Baada ya wiki chache kikohozi kinapungua na mtu anajiona amepona. Dawa ni za bure katika hospitali za serikali, lakini nauli si ya bure, wala kibarua hakimngojei mtu. Mwingine anameza na tumbo tupu, kichefuchefu kinamshika. Mwingine ameona mkojo umegeuka rangi ya chungwa akaogopa, kumbe ni dawa tu, ila hakuambiwa.

Mwaka 1978 daktari wa Marekani, James Groves, aliandika waziwazi kwamba wako wagonjwa ambao madaktari huwachukia. Alishauri daktari aitambue chuki hiyo, kwa maana akijificha nayo itaharibu matibabu. Mimi naona alisema kweli. Muuguzi aliye peke yake, foleni imefika getini, ana haki ya kuchoka. Na mgonjwa naye ana wajibu: asipomaliza dawa, ugonjwa waweza kuwa sugu na kuambukiza watoto wake. Lakini kumfokea hakumrudishi kliniki. "Kwa nini hukuja?" humfunga mtu mdomo. "Ni nini kilikuzuia?" humfanya aseme.

Kazi ya kikundi: wawili waigize muuguzi na mgonjwa aliyekosa kliniki mara mbili, kisha wabadilishane nafasi. Halafu mpatane, mkijua kuna jirani ameacha dawa, nani atamtembelea, na nauli yake itatoka mfuko gani?