Dondoo muhimu: Nduma au pilipili hoho?

Ua wa ploti katika mtaa wa Kiamaiko, Nairobi, ni finyu, hivyo chagua mmea kulingana na maji na jua ulilonalo.

1. Nduma hupenda unyevu na huvumilia kivuli kiasi. Hoho ipe jua angalau saa 6 kwa siku.
2. Nduma: tandika nailoni shimoni, jaza udongo na samadi, usiache ikauke.
3. Hoho: toboa ndoo au gunia chini; maji yakituama, mizizi huoza.
4. Samadi ya mbuzi haikosi katika soko la mbuzi la hapa Kiamaiko, lakini iache ioze kabisa kwanza.
5. Usimwagilie maji ya mto wala ya mtaro wa majitaka.
6. Nduma panda machipukizi. Hoho sia mbegu, kisha hamisha miche baada ya wiki 6 hadi 8.
7. Usipande hoho kwenye udongo uliotoka nyanya au viazi. Magonjwa yao ni yale yale.
8. Unataka mavuno ya haraka? Hoho huanza kuchumwa miezi 2 hadi 3 baada ya kuhamishwa. Nduma huchukua 6 hadi 12.
9. Usionje nduma mbichi, huwasha koo. Chemsha mpaka iive kabisa.