Obadia: Mtumishi wa Bwana Mwenye Kushika Ghala

Somo la Biblia: 1 Wafalme 18:1–16



Katika sharika zetu neno "mtumishi" limepanda cheo. Mtumishi akifika hutafutiwa kiti cha mbele, na soda yake hufunguliwa kabla ya za wengine. Si vibaya kuwaheshimu wanaotuhudumia. Lakini Biblia ina jina la mtu ambalo maana yake ni "mtumishi wa Bwana", na wengi wa waliolichukua hawakuwa watu wa kiti cha mbele. Jina hilo ni Obadia. Katika somo la robo hii tujifunze maana yake, tuwaone baadhi ya waliolichukua, kisha tujiulize sisi tunaoshika mali ya miradi linatudai nini.

1. Maana ya jina

Kwa Kiebrania jina hili hutamkwa Ovadya, au kwa kirefu Ovadyahu. Sehemu ya mwisho ni ufupisho wa jina la Mungu, kama tuonavyo pia katika Isaya, Yeremia na Nehemia. Sehemu ya kwanza inatokana na mzizi ambao una kazi nyingi. Katika Mwanzo 2:15 mzizi huo unatumika pale mtu anapowekwa bustanini ailime. Katika Kutoka 1:13–14 unataja utumwa wa Waisraeli chini ya Wamisri. Na katika Kutoka 3:12 unataja ibada watakayomfanyia Mungu mlimani. Hivyo basi, kulima, kutumikishwa na kuabudu vimetoka shina moja. Kila mtu anatumika; swali ni anamtumikia nani.

Sisi tunaosema Kiswahili tunalitaja shina hilo kila Jumapili bila kujua. Maneno "ibada" na "kuabudu" tumeyapata kutoka Kiarabu, lugha iliyo ndugu wa Kiebrania, na mzizi wake ni ule ule. Hata jirani yetu Mwislamu anayeitwa Abdallah amebeba jina lenye maana ya mtumishi wa Mungu. Ndani ya Biblia pia yumo Obedi, babu yake mfalme Daudi (Ruthu 4:17), na Ebedmeleki, "mtumishi wa mfalme", yule Mkushi aliyemtoa Yeremia shimoni kwa kamba na matambara (Yeremia 38:7–13).

2. Akina Obadia na kazi zao

Agano la Kale lina akina Obadia zaidi ya kumi. Wengine wametajwa mara moja tu katika orodha za ukoo. Lakini tukiwaangalia wale ambao kazi zao zimeandikwa, tunakuta mambo ambayo kamati zetu zinayafahamu vizuri:

(a) Obadia mwalimu. Mfalme Yehoshafati alimtuma pamoja na wenzake kuzunguka miji ya Yuda wakiwafundisha watu, nao walikwenda na kitabu cha torati (2 Nyakati 17:7–9).

(b) Obadia msimamizi wa ujenzi. Siku za mfalme Yosia, hekalu lilipokuwa likikarabatiwa, Walawi Yahathi na Obadia walikuwa miongoni mwa waliowekwa juu ya mafundi (2 Nyakati 34:12). Maandiko yanashuhudia kwamba kazi ile ilifanywa kwa uaminifu. Wakati fedha za ukarabati zilipokuwa zikitolewa, ndipo kuhani Hilkia alipokiona kitabu cha torati (34:14).

(c) Obadia kiongozi wa safari. Ezra aliporudi kutoka Babeli, Obadia mwana wa Yehieli alikuja na wanaume 218 (Ezra 8:9). Katika safari hiyo fedha na dhahabu zilipimwa kabla ya kuondoka, zikapimwa tena zilipofika Yerusalemu, na uzani wote ukaandikwa (8:24–34). Ndugu zetu wahazini waone kwamba hati ya makabidhiano si jambo la wafadhili wa leo tu.

(d) Obadia mtia muhuri. Yumo katika orodha ya makuhani waliotia muhuri agano siku za Nehemia (Nehemia 10:5).

(e) Obadia mlinzi. Alikuwa mmoja wa mabawabu waliolinda ghala zilizokuwa malangoni (Nehemia 12:25).

Mwalimu, msimamizi wa mafundi, kiongozi wa msafara, mtia muhuri, bawabu. Karibu kila mmoja alikabidhiwa kitu ambacho si chake ili wengine wafaidike.

3. Obadia wa nyumba ya Ahabu

Mwenye habari ndefu kuliko wote ni yule wa somo letu. Alikuwa msimamizi wa nyumba ya mfalme. Isaya 22:15–22 inatuonyesha uzito wa wadhifa huo, kwa maana huko anayepewa nyumba kama hiyo hupewa na ufunguo wake. Tena alishika wadhifa huo wakati mbaya. Mfalme ni Ahabu, malkia ni Yezebeli anayewaua manabii, na nchi imekauka kwa ukame.

Tuangalie jinsi mabwana wawili walivyotumia ukame ule. Ahabu alitoka kutafuta majani ili farasi na nyumbu wasife. Obadia alikuwa amewaficha manabii 100, hamsini hamsini pangoni, akawalisha mkate na kuwapa maji. Mfalme alihesabu wanyama wa vita, na mtumishi alihesabu watu. Na siku hizo za kiu, maji ya watu mia yalikuwa jambo la kuumiza kichwa kila kulipokucha.

Obadia hakuwa shujaa asiyeogopa. Eliya alipomwagiza aende kumwambia Ahabu kwamba amemwona, alitaja mara tatu kwamba atauawa (mst. 9, 12 na 14). Hakuificha hofu yake. Hata hivyo mstari wa 16 unasema kwa ufupi kwamba alikwenda. Kumcha Bwana hakukumwondolea woga, bali kulimpa miguu ya kwenda akiwa na woga wake.

4. Gharama ya utumishi

Maandiko hayasemi mkate ule ulinunuliwa kwa fedha ya nani. Lakini Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ya 1, anasimulia kwamba Obadia alikopa fedha ili kuwalisha manabii, na kwamba mjane wa 2 Wafalme 4:1–7, yule aliyekuwa na chupa ya mafuta, ndiye mkewe. Biblia yenyewe haimtaji mume huyo kwa jina, kwa hiyo tulipokee kama mapokeo. Lililo hakika ni kilio cha mjane. Katika mstari wa kwanza, kwa Kiebrania, ule mzizi wa jina Obadia unatokea mara tatu: mara mbili mume anaitwa mtumishi, na mara ya tatu mdai anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Baba alitumika kwa kumcha Bwana, na deni lake likawa karibu kuwatia watoto utumwani.

Hapa tunapaswa kujikosoa wenyewe. Msimu mmoja wa njaa tulipeleka mahindi katika kijiji ambacho gari halikuweza kuvuka korongo. Taarifa yetu ilisema magunia yote yamefika, na ni kweli yalifika. Hatukuuliza yalivukaje. Miezi kadhaa baadaye wanakikundi wa kuweka na kukopa walitueleza kwamba mama aliyeshika ghala, ambaye alijitolea bila posho, alikopa kwao ili kulipa wenye punda na vibarua. Alikuwa akirejesha deni hilo kidogo kidogo kwa kuuza kuku wake. Tulipomwuliza kwa nini hakusema, alijibu kwamba hakuona mahali pa kuandika jambo hilo katika fomu. Tulimrudishia fedha yake, lakini kwa kuchelewa, na kuku walikuwa wameshauzwa.

Tulikuwa tumemsifu katika mkutano kuwa ni mtumishi wa kweli. Sifa ilikuwa rahisi kuliko nauli ya punda. Tangu hapo fomu zetu za ugawaji zina mstari wa gharama zilizobebwa na mtu binafsi, nasi huuliza kwa mdomo pia, kwa sababu mnyenyekevu hataandika.

5. Onyo la nabii Obadia

Kitabu kifupi kuliko vyote katika Agano la Kale, chenye mistari 21 tu, kinaitwa kwa jina hili. Ujumbe wake ni kwa Edomu, taifa la uzao wa Esau, ndugu yake Yakobo. Wataalamu wengi wanauhusisha na kuanguka kwa Yerusalemu, mwaka 586 K.K. hivi. Shtaka la kwanza katika mstari wa 11 ni kwamba Edomu alisimama kando ndugu yake alipoporwa. Kufurahia, kunyang'anya na kuwakamata waliokimbia kunafuata (mst. 12–14). Ubaya ulianza kwa kusimama kando. Nasi tunaweza kusimama kando tukiwa na taarifa nadhifu mkononi.

Mwisho

Martin Luther, katika kijitabu chake cha mwaka 1520 juu ya uhuru wa Mkristo, alifundisha kwamba aliyewekwa huru kwa imani anajitoa kwa hiari kumtumikia jirani. Na Bwana wetu mwenyewe alikuja kutumika (Marko 10:45). Basi anayeshika ufunguo wa ghala, leja ya kikundi au pampu ya kisima, anafanya ibada pale pale alipo. Nasi tunaomwita mtumishi tunadaiwa kuhakikisha kwamba utumishi wake hauwatii watoto wake katika deni.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Katika kikundi chenu, ni nani anashika kitu kwa niaba ya wengine? Mnamsaidiaje?
2. Je, yupo anayebeba gharama ya kazi ya pamoja bila ninyi kujua? Mtamwulizaje bila kumwaibisha?
3. Ukame ukija, tunaanza kuokoa nini: farasi wa Ahabu au watu walio pangoni?

Tuombe: Ee Bwana, tufanye tuwe watumishi wako kwa kazi na si kwa jina tu. Utupe kuona wanaochoka kwa ajili yetu, na moyo wa kulipa tunachodaiwa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.